Maziwa ya miaka 3,000 iliyopita yanaonekanaje kwenye kigae?

Mwalimu mstaafu wa Kibosho, Moshi, ameniandikia hivi:

"Mjukuu wangu wa kidato cha pili amenisomea kwenye simu kwamba wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania walikuwa wakitumia maziwa maelfu ya miaka iliyopita, na kwamba wataalamu wamejua hivyo kwa kupima vigae vya vyungu. Mimi nimefuga ng'ombe maisha yangu yote. Maziwa yakimwagika asubuhi, mchana nzi wameshayamaliza. Yanabakije kwenye chungu miaka 3,000? Pili, jirani zetu Wamasai maziwa huweka kwenye kibuyu, siyo kwenye chungu. Sasa vyungu vinapimwa vya nini? Tatu, kama watu wamekunywa maziwa muda wote huo, mbona mimi nikinywa maziwa freshi tumbo linaunguruma usiku kucha, lakini mtindi naunywa bila shida? Mwisho, tulipochimba msingi wa banda tulikuta vipande vya chungu cha zamani. Mjukuu ameviosha na kuviweka dirishani. Je, vinaweza kupimwa?"

Shikamoo, Mwalimu. Maswali yako nitayajibu yote, ila lile la kibuyu nitakaa nalo muda mrefu kuliko mengine, kwa sababu umegusa mahali penyewe.

Nianze na nzi. Nzi humaliza kilichomwagika kwa sababu kiko wazi. Maziwa ni maji, sukari, protini na mafuta. Maji hukauka. Sukari yake, tunayoiita laktosi, huyeyuka na kwenda na mvua ya kwanza. Protini huoza upesi isipopata mahali pa kujificha. Mafuta ndiyo yenye roho ngumu, maana hayapatani na maji. Na chungu chetu cha udongo hakikupakwa ule ung'avu wa sahani ya dukani. Aliyewahi kununua chungu kipya cha Upare anajua kwamba siku za mwanzo kinatoka jasho, mpaka kipikiwe uji mwepesi au kipakwe mafuta ndipo kitulie. Kinachokituliza ni chakula chenyewe kuziba vitundu vya udongo. Basi kila mpiko, mafuta kidogo huzama ndani ya ukuta wa chungu, kwenye vitundu vidogo ambavyo bakteria hawavifikii kirahisi wala maji ya ardhini hayavisuuzi. Chungu kikivunjika na kufukiwa, kigae kinabaki na mafuta yake ndani.

Maabara tunakikwangua kigae uso wa nje mpaka ngozi ya juu itoke, kwa sababu hapo ndipo pana udongo wa shimo na jasho la mikono yetu. Kisha kipande kidogo kinatwangwa kwenye kinu safi cha kauri mpaka kiwe unga. Gramu 2 zinatosha, yaani kama nusu kijiko cha chai. Unga unatiwa kiyeyusho cha kuvuta mafuta, halafu kiyeyusho kinakaushwa taratibu. Mara ya kwanza nilipoinua kichupa chenye mabaki hayo kwenye mwanga wa dirisha, nilidhani nimeruka hatua. Kilikuwa kitupu machoni. Tulipokiingiza kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha aina za mafuta moja baada ya nyingine, karatasi ikachora vilele viwili virefu vya mafuta ya mnyama. Mtu alipika, akala, akaondoka, na chakula chake kikabaki mahali ambapo jicho halifiki. Mpaka leo sijazoea.

Lakini mafuta ya mnyama ni maneno mapana. Ya nyama au ya maziwa? Hapo kazi ilikwama kwa muda mrefu. Maziwa yana mafuta yake mafupi ya pekee, yale yanayoipa siagi iliyochacha harufu kali. Yangebaki, kazi ingekuwa rahisi. Bahati mbaya hayo mafupi ndiyo ya kwanza kuyeyuka na kupotea ardhini. Yanayobaki ni marefu mawili, lenye kaboni 16 na lenye kaboni 18, na yote mawili yamo katika nyama na katika maziwa. Mwaka 1998 Stephanie Dudd na Richard Evershed wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha njia ya kuyatenganisha, na tangu hapo milango ikafunguka.

Njia yenyewe nataka niieleze vizuri, kwa sababu wewe mfugaji utaielewa kuliko wanafunzi wangu wengi. Kaboni nyingi ina uzito wa 12, lakini katika kila atomi 100, takriban moja ina uzito wa 13. Mimea haizishiki kwa uwiano mmoja. Nyasi za nyika, mahindi na mabingobingo hushika ile nzito kwa wingi zaidi kuliko mgomba, miti na vichaka. Kwa hiyo ng'ombe wako wa kihambani anayelishwa majani na magogo ya migomba atatoa maziwa yenye kaboni nyepesi kuliko ya ng'ombe wa Longido anayechunga nyasi. Ukipima kaboni ya fungu moja la mafuta peke yake, utajua mnyama alikula nini. Hutajua kama mtu alikamua au alichinja.

Siri iko kwenye kiwele. Kiwele chenyewe hutengeneza mafuta ya kaboni 16, kwa malighafi inayotokana na wanga na nyuzi za majani zilizochachushwa tumboni. Mafuta ya kaboni 18 hakiwezi kuyatengeneza. Huyachota kwenye damu, na sehemu kubwa ya hayo imetoka moja kwa moja kwenye mafuta ya majani, baada ya kubadilishwa na vijidudu vya tumbo la kwanza la mnyama anayecheua. Sasa mafuta ya jani yana kaboni nyepesi kuliko wanga wa jani lile lile. Ndiyo maana katika maziwa fungu la 18 linakuwa jepesi waziwazi kuliko fungu la 16. Katika mafuta ya nyama tofauti hiyo ipo, ila ni ndogo, kwa kuwa sehemu nyingine za mwili zinaweza kujitengenezea yote mawili. Pengo likizidi takriban 3.1 kwa elfu, tunaandika maziwa. Likiwa dogo kuliko hapo, tunaandika nyama ya mnyama anayecheua, au mnyama mwingine kabisa. Na kwa kuwa unatoa fungu moja katika jingine ndani ya kigae kile kile, habari ya mgomba na nyasi inajifuta yenyewe.

Njia hii haiwezi kukwambia kama maziwa yalikuwa ya ng'ombe, mbuzi au kondoo. Upande wa nyama hali ni ngumu zaidi, kwa sababu nyumbu na swala nao wanacheua na mafuta yao yanaangukia fungu lile lile. Ila nyumbu hakamuliwi. Ukikuta maziwa, umekuta mfugo.

Kwa njia hiyo, mwaka 2012 vigae vya Takarkori, kwenye milima ya Acacus kusini magharibi mwa Libya, vilionyesha kwamba wafugaji wa Sahara, wakati ule Sahara ikiwa bado na malisho, walikuwa wakichakata maziwa karibu miaka 7,000 iliyopita. Kwetu tulisubiri mpaka 2020. Utafiti ulioongozwa na Katherine Grillo, ambao Watanzania Agness Gidna na Audax Mabulla walikuwa miongoni mwa waandishi wake, ulipima vigae 125 vya Kenya na Tanzania vya kipindi cha wafugaji wa kwanza, kati ya miaka 5,000 na 1,200 iliyopita. Ndani yake yalipatikana maziwa, nyama na mimea. Hiyo ndiyo habari aliyokusomea mjukuu wako, na ni ya kweli.

Mifugo ilifika pande za Ziwa Turkana miaka 5,000 hivi iliyopita, ikashuka polepole kwa kufuata Bonde la Ufa. Miaka 3,000 iliyopita wafugaji walikuwa wameshafika nyanda za juu za Mbulu. Pale Luxmanda, mkoani Manyara, waliacha makazi makubwa yenye vigae vilivyopambwa, mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na zana za mawe. Ukitoka Arusha kwa basi la asubuhi kupitia Babati, jioni uko maeneo hayo. Wengine walizika wafu wao katika kasoko ya Ngorongoro chini ya vilima vya mawe, wakiwawekea bakuli za kuchonga kwenye jiwe. Wanafunzi hupita hapo kila mwaka wakitafuta faru.

Sasa kibuyu.

Katika vigae vile 125, mafuta yaliyotawala ni ya nyama, si ya maziwa. Msomaji wa haraka angesema: basi, walikuwa walaji nyama, maziwa walionja tu. Swali lako, Mwalimu, linaiangusha hoja hiyo. Chungu kinasimulia yale yaliyopita ndani ya chungu, na kwa mfugaji wa Afrika Mashariki maziwa hayapitii huko kwa lazima. Grillo mwenyewe aliwahi kukaa na Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya akiangalia vyungu vyao vinatumikaje, na akakuta vingi ni vya kupikia nyama na kuchemshia mifupa ipate supu. Maziwa yalikuwa na vyombo vyake vya ngozi, mti na kibuyu. Kibuyu kikitupwa kinaoza misimu michache tu. Hatuna kibuyu cha miaka 3,000 kutoka Luxmanda cha kukipima, na sitegemei tutakipata.

Nilichojifunza mimi kuhusu kibuyu sikukipata darasani. Nilikuwa Monduli kwa kazi nyingine, na mama mwenye boma tulilofikia alikuwa anaandaa kibuyu cha maziwa. Alichukua kijiti cha oloirien, mzeituni mwitu, akakichoma ncha mpaka kikawa kaa jekundu lisilo na moshi mwingi. Akakiingiza ndani ya kibuyu na kuanza kusugua kuta zake kwa ncha ile, akizungusha mkono pole pole, huku moshi mwembamba ukitoka mdomoni mwa kibuyu. Kijiti kilipozima akakichoma tena. Alirudia hivyo mpaka ndani kukawa keusi kote. Kisha akapangusa kaa lililolegea kwa brashi ndefu, akakigeuza na kukigonga kiganjani mara mbili, akanusa. Hakuridhika. Akakichoma tena kijiti. Ndipo yakamiminwa maziwa ya jioni, kifuniko cha ngozi kikarudishwa, kibuyu kikatundikwa. Nilimuuliza yatafunguliwa lini. Akajibu: "Yakiwa tayari." Nilipoyanywa siku ya tatu yalikuwa yameganda laini, makali kidogo, yenye harufu ya moshi.

Fikiria kilichofanyika pale kwa jicho la maabara. Hakuna moto chini ya chombo. Hakuna udongo. Maziwa yameingia ndani ya tunda kavu, yamechachuka humo na yamenywewa humo humo. Boma zima laweza kuishi kwa maziwa miaka 50 likahama, na sisi tukaja kuchimba vyungu vya supu peke yake. Kwa hiyo kila kigae chenye maziwa nakichukulia kama kiwango cha chini kabisa. Maziwa yangeingia kwenye chungu kama mtu aliyachemsha, au kama aliyeyusha siagi kupata samli, kazi inayouachia udongo mafuta kwelikweli. Yaliyonywewa freshi kutoka kwenye kiwele au yaliyogandishwa kwenye kibuyu hayamo kwenye hesabu ile. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu vipimo vingi vilianzishwa Ulaya, ambako vyungu vya maziwa vilikuwepo tangu zamani. Nchini Poland, kwa mfano, vimepatikana vyungu vyenye matundu vya karibu miaka 7,000 vilivyotumika kuchujia jibini. Chombo chao kilikuwa cha udongo. Chetu kilikuwa kinaota mashambani.

Kuna kosa la namna hiyo upande wa mifupa pia, na wewe utaliona mara moja. Vitabu husema kundi la ng'ombe wa maziwa hutambulika kwa mifupa mingi ya ndama dume waliochinjwa wachanga, ili maziwa yabaki kwa binadamu. Ukijaribu hivyo kwa ng'ombe wa asili hupati hata kikombe, kwa sababu ng'ombe wetu haachii maziwa bila ndama. Mwache anyonye kidogo, kiwele kiachie, umfunge pembeni, ukamue, umrudishe. Ndama akifa, watu huleta ngozi yake mama ainuse. Kwa hiyo wafugaji wa hapa walikuwa na kila sababu ya kumtunza ndama, na kukosekana kwa mifupa ya ndama si ushahidi wa kukosekana kwa maziwa.

Basi tukageukia mdomo wa mlaji. Ule ugaga mgumu unaokwanguliwa na daktari wa meno ni utando wa bakteria uliogeuka jiwe, na ukiganda hufungia ndani chembe za chakula. Humo protini inapata yale maficho niliyoyataja mwanzo. Protini tunayoitafuta inaitwa beta-laktoglobulini. Imo katika maziwa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na maziwa ya mama mzazi hayana, hivyo huwezi kusingizia kwamba ni mabaki ya kunyonya. Tena mpangilio wake hutofautiana kidogo kati ya mnyama na mnyama, ikawezekana wakati mwingine kusema hii ni ya mbuzi na hii ni ya ng'ombe, jambo ambalo kigae hakiwezi. Kasoro yake ni kwamba hukaa kwenye yale maji ya maziwa yaliyoganda, hivyo aliyekula jibini kavu tu anaweza asionekane.

Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya ugaga wa watu wa kale wa Sudan na Kenya. Protini za maziwa zilikuwamo kwa watu wanane, wakiwamo waliozikwa Kadruka, kaskazini mwa Sudan, karibu miaka 6,000 iliyopita, na Lukenya, kusini mashariki mwa Nairobi, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Hapa hakuna tena swali la chombo gani. Kibuyu, chungu au kiganja cha mkono, maziwa yalipita kwenye meno ya mtu huyu. Kwangu mimi huu ndio ushahidi unaotutoa kwenye mtego wa kibuyu, na laiti ugaga wa makaburi yetu ya kaskazini ungepewa uzito sawa na ule tunaoupa vigae.

Hapo ndipo tumbo lako linaingia. Mtoto mchanga anazaliwa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachokata laktosi utumbo mwembamba upate kuinyonya. Kwa watu wengi duniani, takriban theluthi mbili ya watu wazima, kimeng'enya hicho hupungua sana baada ya kuachishwa ziwa. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wanaichachusha, gesi inajaa, maji yanavutwa, na usiku unakuwa mrefu. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya mwanadamu, Mwalimu, na huna haja ya kuiona kama udhaifu. Waliobadilika ni wale wanaoendelea kuwa na laktasi ukubwani.

Mabadiliko hayo yametokea zaidi ya mara moja. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, baada ya kuwapima Watanzania, Wakenya na Wasudan 470, walionyesha kwamba badiliko la wafugaji wetu si lile la Wazungu. Limeandikwa mahali pengine kwenye DNA, limezaliwa hapa Afrika, na umri wake walilikadiria kati ya miaka 2,700 na 6,800. Ukisikia mtu anasema kunywa maziwa ni mambo ya Ulaya yaliyoletwa huku, mpe habari hiyo.

Ila angalia mpangilio wa wakati. DNA ya wafugaji wa kale ilipopimwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2019, katika wale wa kipindi cha kwanza badiliko hilo lilionekana kwa mtu mmoja tu. Alizikwa katika pango la Gishimangeda, karibu na Ziwa Eyasi, yapata miaka 2,000 iliyopita. Maziwa kwenye meno ni ya miaka 6,000, kwenye vigae ni ya maelfu ya miaka kabla ya mtu huyo wa Gishimangeda. Kwa maneno mengine, watu walitumia maziwa vizazi kwa vizazi wakiwa na matumbo kama lako.

Waliwezaje? Naamini jibu kubwa ni lile ulilojijibu mwenyewe: mtindi. Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, na wakiwa hai wanaendelea kusaidia kazi ndani ya utumbo wako. Kibuyu chenye mabaki ya bakteria wa jana kwenye kuta zake kinafanya kazi hiyo bila kuambiwa. Wamongolia wamekamua mifugo miaka ipatayo 5,000, mpaka leo wengi wao hawana badiliko la laktasi, na jiko lao limejaa maziwa yaliyochachushwa ya kila namna. Tena watu wengi wenye laktasi kidogo huvumilia kikombe kimoja wakila na chakula. Jaribu kunywa maziwa yako pamoja na ndizi mchana badala ya kuyanywa matupu usiku. Mimi si daktari, kwa hiyo kama kuna kupungua uzito, damu chooni au maumivu makali, hilo lipeleke hospitali.

Utauliza, kama mtindi ulitosha, kwa nini badiliko lilienea baadaye? Kwa Ulaya, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022, uliokusanya maelfu ya mabaki ya mafuta kutoka vituo 554 vya kale, ulipendekeza kwamba njaa na magonjwa ndivyo vilivyochuja watu. Mwenye afya akiharisha kwa sababu ya maziwa anapata usumbufu wa siku moja. Aliyedhoofika kwa njaa, mazao yakiwa yamekauka na kilichobaki ni maziwa freshi, akiharisha anaweza kufa. Mimi naliona wazo hilo linafaa kupimwa kwetu pia, tunaojua ukame unavyolifanyia boma: kwanza huondoka nafaka, halafu wageni, na mwisho watu wanabaki wakitazama kiwele cha ng'ombe mmoja.

Nimalizie na vigae vya dirishani. Kuosha kwa maji peke yake si maafa, kwa sababu mafuta tunayoyataka yako ndani ya ukuta. Sabuni ndiyo tatizo, maana nayo imetengenezwa kwa mafuta, na losheni ya mikononi na mfuko wa plastiki hali kadhalika. Wakati mwingine tukikwangua uso wa nje bado tunapata kitu. Hasara kubwa zaidi ni mahali: kigae kisichojulikana kilitoka kina gani, kando ya nini, hakiwezi kutuambia ni cha miaka 3,000 au cha bibi yake babu. Mwambie mjukuu asivitupe. Avifunge kwenye foili ya jikoni, aandike kwenye karatasi vilikotoka, vilikuwa kina cha mikono mingapi, na kama paliwahi kuonekana majivu, mkaa au mifupa. Kama msingi haujafukiwa wote, msichimbe zaidi kutafuta vingine. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 uchimbaji wa namna hiyo unahitaji kibali, na shimo lililochimbwa haraka haliwezi kuchimbwa tena. Toa taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya, au ukipita Arusha ingia Makumbusho ya Elimu Viumbe, pale kwenye Boma la zamani la Wajerumani.

Nami nina swali kwako, na ningependa ulijibu kabla ya mavuno. Sufuria zilipokuwa bado hazijafika Kibosho, wazee wa kwenu maziwa waliyachemshia wapi, kama waliyachemsha? Na siagi, waliiyeyushia kwenye chungu kile kile cha nyama, au kilikuwepo chungu chake ambacho nyama haikukigusa? Kama wapo kina mama wa umri wako wanaokumbuka, waulize, na uandike kwa maneno yao. Tukija kupima vigae vya mlimani, tutahitaji kujua ni chungu gani cha kukitwanga.